Deni la Kipindi cha Mwisho: Maji Yanavyovunja Barafu ya Ncha za Dunia

Wenzangu wa Elimu mnaijua TP. Unaamka saa kumi na moja alfajiri, unapiga pasi sketi uliyoifua usiku, andalio la somo mkononi, halafu unasimama mbele ya watoto sitini na kitu ambao wanajua kabisa kwamba wewe ni mgeni wa wiki chache tu. Mimi nilipewa Jiografia, kidato cha tatu.

Siku moja mada ilikuwa mabadiliko ya tabianchi. Nilijiamini. Nikaandika ubaoni kwamba barafu ya ncha za dunia inayeyuka, kwa hiyo bahari inapanda. Nikachora na mshale, barafu upande huu, bahari upande ule. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, akaomba auliize swali lake kwa Kiswahili. Nikamruhusu.

"Madam, sisi nyumbani tunauza juisi. Barafu ikiyeyuka ndani ya jagi, juisi haimwagiki. Sasa barafu inayoelea baharini ikiyeyuka, bahari inapandaje?"

Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, ila cheko langu lilikuwa la kuficha aibu. Nikamwambia, "Swali zuri sana, tutalijibu kipindi kijacho." Kipindi kijacho kikawa cha mtihani wa majaribio, kilichofuata kikaliwa na kikao cha walimu, na TP ikaisha. Sikurudi kwenye lile swali. Ukweli ni kwamba hata ningerudi, sikuwa na jibu. Nilifaulu Jiografia vizuri tu, lakini ule mshale wangu ubaoni nilikuwa nimeukariri, sikuwa nimeuelewa.

Makala hii ndiyo jibu ninalodaiwa. Nimelitafuta muhula mzima, na nimegundua kwamba yule binti alikuwa sahihi kuliko mimi. Nimegundua pia kwamba jibu lenyewe linaanzia mahali ambapo sikutegemea: kwenye madimbwi ya maji yanayotuama juu ya barafu wakati wa kiangazi.

1. Barafu si moja

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusema "barafu" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni lazima tutenganishe mambo mawili.

Kuna barafu iliyolala juu ya nchi kavu. Hii ni theluji iliyoanguka kwa maelfu ya miaka, ikajishindilia yenyewe kwa uzito wake hadi ikawa barafu ngumu. Nitaiita tandiko la barafu. Matandiko makubwa duniani leo ni mawili, la Antaktika na la Greenland. Lile la Antaktika likiyeyuka lote, bahari za dunia zitapanda kwa takriban mita 58. Lile la Greenland ni kama mita 7. Hakuna anayesema yatayeyuka yote kesho, ila takwimu hizi zinatuonyesha ghala lina ukubwa gani.

Kisha kuna barafu inayoelea. Tandiko halikai tuli. Linatiririka polepole kuelekea pwani kupitia mito ya barafu ambayo Kiswahili kinaiita barafuto. Barafuto ikifika baharini haikatiki pale pale. Inaendelea mbele na kuelea juu ya maji huku bado imeshikana na barafu ya nchi kavu, kama ubao wa rafu uliopigiliwa ukutani. Hii ndiyo rafu ya barafu. Unene wake ni mita mia kadhaa, na rafu za namna hii zimezunguka karibu robo tatu ya pwani ya Antaktika.

Sasa turudi kwenye jagi la juisi. Kitu kinachoelea kinasukuma pembeni maji yenye uzito sawa na wake. Arkimedi alilieleza hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Rafu ya barafu imeshachukua nafasi yake baharini tangu zamani, kwa hiyo ikiyeyuka, kina cha bahari hakibadiliki ila kwa kiasi kidogo mno, kwa sababu barafu ni maji baridi na bahari ina chumvi. Binti wa juisi alipata. Mwalimu wake alikosa.

Kama ni hivyo, kwa nini wanasayansi wanahangaika na rafu zinazoelea? Hapo tunahitaji kwenda Antaktika, mwaka 2002.

2. Siku 35 za Larsen B

Upande wa mashariki wa Rasi ya Antaktika, ile inayonyooka kama mkono kuelekea Amerika ya Kusini, kulikuwa na rafu iliyoitwa Larsen B. Jina linatokana na nahodha Mnorwe, Carl Anton Larsen, aliyepita pwani ile kwa meli mwaka 1893. Jirani yake wa kaskazini, Larsen A, alikwisha kuvunjika Januari 1995.

Tarehe 31 Januari 2002, katikati ya kiangazi cha kusini, setilaiti ilipiga picha ya Larsen B. Juu ya weupe wa barafu palionekana mistari na madoa ya rangi ya buluu iliyokolea. Yalikuwa madimbwi ya maji ya kuyeyuka, zaidi ya 2,000 kwa hesabu zilizofanywa baadaye. Kiangazi kile kilikuwa na joto lisilo la kawaida katika eneo hilo.

Picha za Februari zilionyesha rafu ikianza kumeguka kutoka upande wa bahari. Ilipofika wiki ya kwanza ya Machi, sehemu kubwa ilikuwa imegeuka rundo la vipande vinavyoelea. Katika siku 35, kilomita za mraba 3,250 zilikuwa zimevunjika. Kwa kulinganisha tu, hiyo ni karibu mara mbili ya kisiwa cha Unguja, na unene wake ni kama mita 220.

Kilichonishtua zaidi ni umri wake. Watafiti walichimba matope kutoka sakafu ya bahari pale rafu ilipokuwa, wakayasoma tabaka kwa tabaka, wakakuta kwamba Larsen B ilikuwepo kwa zaidi ya miaka 10,000. Kitu cha miaka 10,000 kiliondoka kwa muda mfupi kuliko TP yangu.

Joto la wiki tano haliwezi kuyeyusha barafu ya mita 220. Kwa hiyo haikuyeyuka, ilipasuka. Na kilichoipasua, kwa maelezo yanayokubalika sana leo, ni yale madimbwi.

3. Maji yanapasuaje barafu?

Hapa kuna hatua tatu, na kila moja inaisaidia nyingine.

Hatua ya kwanza ni rangi. Theluji mpya inarudisha angani asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua unaoipiga. Ndiyo maana watu wa huko huvaa miwani myeusi. Maji yaliyotuama ni meusi zaidi, yananyonya sehemu kubwa ya mwanga huo. Dimbwi likishatokea, linapata joto kuliko theluji ya jirani, linayeyusha sakafu yake, linaongezeka kina, linakuwa jeusi zaidi, linanyonya zaidi. Ni kama anayeanza kukopa ili alipe mkopo.

Lakini dimbwi halitokei popote tu. Kwa kawaida juu ya rafu kuna tabaka la theluji ya zamani lenye matundu matundu, linalofanya kazi kama sponji. Maji yakiyeyuka yanazama humo na kuganda tena, hakuna madhara. Shida inaanza pale miaka kadhaa ya joto inapoyajaza yale matundu yote. Sponji likishashiba, maji hayana pa kwenda, yanabaki juu.

Hatua ya pili ni kabari. Uso wa rafu una nyufa nyingi kwa sababu barafu inavutwa huku na kule. Ufa mtupu hauendi mbali, maana kadiri unavyokwenda chini, ndivyo uzito wa barafu ya pembeni unavyoubana hadi unafunga. Ila ufa ukijaa maji, hesabu inabadilika. Mita moja ya ujazo ya barafu ina kilo 917 hivi. Mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Kwa hiyo ndani ya ufa uliojaa hadi juu, maji yanasukuma kuta kwenda nje kwa nguvu kuliko barafu inavyozisukuma kurudi ndani. Kila ufa unavyoshuka, tofauti hiyo inaongezeka. Alimradi maji yanaendelea kuingia, hakuna cha kuuzuia mpaka utokee upande wa pili. Mwanafizikia wa Marekani, Johannes Weertman, aliipiga hesabu hii mwaka 1973, karibu miaka 30 kabla dunia haijaiona ikitendeka Larsen B.

Aliyewahi kupasua gogo kwa kabari ataelewa mara moja. Shoka peke yake linaacha alama tu. Kabari ikikaa kwenye alama ile na ikaendelea kugongwa, gogo linafunguka.

Hatua ya tatu ni kupinda. Dimbwi ni mzigo. Linapojaa, rafu inayoelea inapinda chini kidogo chini yake. Linapomwagika ghafla kupitia ufa, rafu inainuka. Kupinda huko kunafungua nyufa mpya pembeni, nyufa hizo zinamwaga dimbwi la jirani, la jirani linamwaga la tatu. Watafiti waliotengeneza kielelezo cha Larsen B kwenye kompyuta walionyesha kwamba mfululizo wa namna hii unaweza kueleza kwa nini madimbwi mengi yalikauka ndani ya siku chache tu kabla ya rafu kusambaratika.

Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale Larsen B ufa haukuwa wa kuzibika, na ukuta wenyewe ndio ulioanguka.

4. Abiria wa mlangoni

Sasa ndiyo tunafika kwenye jibu la swali.

Panda daladala ya jioni iliyojaa. Wale waliosimama mlangoni wameshika bomba, hawasogei. Wa katikati wanataka kushuka, wanasukuma, lakini wanakwenda kidogo kidogo mno. Ghafla wa mlangoni wanashuka. Unajua kinachofuata: gari zima linamwagikia nje.

Rafu ya barafu ni abiria wa mlangoni. Inagusana na kuta za ghuba na miinuko ya sakafu ya bahari, na msuguano huo unazuia barafuto zilizo nyuma yake zisikimbie. Rafu yenyewe tayari iko "nje", yaani imeshahesabika baharini. Waliobaki ndani, barafu ya nchi kavu, bado hawajahesabika. Rafu ikivunjika, bahari haipandi siku hiyo. Inaanza kupanda siku zinazofuata, wale wa ndani wanapotoka.

Hili si nadharia. Baada ya Larsen B kuvunjika, barafuto zilizokuwa nyuma yake, kama vile Crane, Hektoria na Green, ziliongeza mwendo, nyingine mara mbili, nyingine hadi mara nane. Barafuto za jirani, ambazo bado zilikuwa na kipande cha rafu mbele yake, hazikubadilika kiasi hicho. Ni kama jaribio la maabara lililofanywa na maumbile yenyewe: huku rafu ipo, kule rafu haipo, tazama tofauti.

Kwa hiyo mshale wangu wa ubaoni ulikosa hatua za katikati. Ungepaswa kusomeka hivi: joto, kisha madimbwi, kisha nyufa, kisha rafu kuvunjika, kisha barafuto kukimbia, kisha bahari kupanda. Mimi niliruka kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na binti wa juisi aliona pengo.

5. Greenland: maji yanapokwenda chini

Kule Greenland hadithi ni tofauti kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya madimbwi yapo juu ya tandiko lenyewe, juu ya nchi kavu. Maji yakitoboa barafu hapo hayakuti bahari. Yanakuta mwamba.

Mwezi Julai 2006 watafiti wakiongozwa na Sarah Das na Ian Joughin walikuwa wameweka vipimo kando ya ziwa moja magharibi ya Greenland, lenye eneo la kilomita za mraba 5.6. Siku moja ziwa likapasua sakafu yake. Barafu hapo ina unene wa karibu mita 980. Sehemu kubwa ya maji ilitoweka kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na kasi ya mmwagiko ilizidi wastani wa maporomoko ya Niagara. Vipimo vilionyesha barafu ya pale ikiinuka kwa zaidi ya mita moja, kwa sababu maji yaliingia chini yake na kuibeba.

Nilipoyasoma haya nilikimbilia kuhitimisha: maji mengi chini, utelezi mwingi, barafu inateleza baharini, basi. Nikamweleza rafiki yangu wa Uhandisi wa Maji chumbani kwetu hosteli. Akaniuliza swali moja tu: "Hayo maji yanapita wapi?" Nikanyamaza. Mwaka huu nimenyamazishwa sana.

Kumbe hilo ndilo swali lenyewe. Mwanzoni mwa kiangazi, chini ya barafu hakuna mifereji mizuri. Maji yanajibana, presha yake inapanda, barafu inainuliwa na kuongeza mwendo. Lakini maji yakiendelea kupita yanajichongea mifereji. Mifereji ikipanuka, maji yanatoka kwa urahisi, presha inashuka, na barafu inapunguza mwendo, wakati mwingine kuliko ulivyokuwa kabla ya msimu. Kwa hiyo mwaka wenye maji mengi si lazima uwe mwaka wenye barafu ya mbio nyingi.

Hata hivyo hii haina maana kwamba Greenland iko salama. Kati ya 1992 na 2018 tandiko lake lilipoteza takriban tani bilioni 3,900 za barafu, zilizopandisha bahari kwa kama milimita 11. Karibu nusu ya hasara hiyo ilitokana na uso kuyeyuka zaidi na maji kutiririka moja kwa moja baharini, nusu nyingine na barafuto zilizoongeza mwendo. Tarehe 12 Julai 2012 setilaiti zilionyesha dalili za kuyeyuka kwenye takriban asilimia 97 ya uso wake. Na Agosti 2021, kwenye kituo cha utafiti kilicho juu kabisa ya tandiko, zaidi ya mita 3,200 kutoka usawa wa bahari, mvua ilinyesha. Ilikuwa mara ya kwanza kurekodiwa mvua mahali pale.

6. Tusitie chumvi

Sisi wanafunzi tukishapata mada inayotisha tunapenda kuikoleza. Naomba tujizuie, kwa sababu mwanafunzi mwerevu atakuuliza, na utaumbuka kama mimi.

Kwanza, kwa Antaktika ya leo, maji ya juu ya uso si mharibifu mkuu. Hasara kubwa iko Antaktika Magharibi, kwenye barafuto kama Thwaites na Pine Island, na inatokana hasa na maji ya bahari yenye uvuguvugu yanayoilamba barafu kutoka chini. Hofu ya madimbwi inahusu zaidi kesho: kadiri hewa inavyopata joto, ndivyo rafu nyingine zinavyoweza kufika mahali Larsen B ilipofika.

Pili, si kila maji yaliyo juu ya rafu yanaivunja. Kwenye rafu ya Nansen, Antaktika, kuna mto unaotiririka juu ya barafu na kumwaga maji baharini kwa maporomoko. Wapelelezi Waingereza walisikia na kuona maji hayo mwanzoni mwa karne ya 20. Robin Bell na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba mto ule unaweza kuyaondoa maji kabla hayajapata nafasi ya kutuama. Rafu yenye mfereji mzuri inaweza kuvumilia. Hatari iko pale maji yanapokaa.

7. Nitakavyofundisha safari nyingine

Kwa wanaokwenda TP mwakani, hiki ndicho kipindi ninachokipendekeza. Hakihitaji maabara. Tafuta bilauri mbili zinazoonyesha, jiwe, na barafu ya mia mbili kutoka kwa muuza juisi. Katika bilauri ya kwanza, weka maji na barafu inayoelea. Ya pili, weka jiwe linalotokeza juu ya maji na uweke barafu juu ya jiwe. Weka alama ya kina kwa kalamu kwenye bilauri zote. Subiri. Ya kwanza haitapanda. Ya pili itapanda.

Hapo usikimbilie kuandika muhtasari ubaoni. Waulize kwanza: kama ya kwanza haijapanda, kwa nini watu wanailinda? Kisha waambie habari ya daladala. Mwisho waonyeshe picha za Larsen B, ile ya tarehe 31 Januari na ile ya Machi. Tangu nimezitazama pamoja, sijaweza kuandika tena neno "inayeyuka" bila kujiuliza ni ipi, iko wapi, na maji yake yanakwenda wapi.

Nimeyaandika haya yote kwa ufupi kwenye karatasi mbili za daftari, nikamtumia mwalimu mwenyeji aliyenipokea, nikamwomba amfikishie yule binti. Nilianza hivi: "Ulikuwa sahihi kuhusu jagi. Samahani kwa kuchelewa." Mwalimu amenijibu kwamba amepokea. Binti sasa yuko kidato cha nne, na ameshatuma swali lingine. Anauliza, kama abiria wa mlangoni wakishashuka, je, wanaweza kupanda tena?

Bado ninalitafutia jibu. Safari hii sikumwambia kipindi kijacho. Nimemwambia tarehe.